PIKIPIKI KUUKUU: RAHA YAKE NA KODI YAKE

Na Mwanachama, Kidato cha Tatu

Wahenga walisema kipya kinyemi ingawa kidonda. Wahenga hao hao wakageuka wakatuonya tusiache mbachao kwa msala upitao. Sasa sisi wajukuu wao tushike lipi? Swali hili hunijia kila nikiwaona vijana waliomaliza shule juzi juzi wakisaka pikipiki ya kununua. Wengine wanakopa wachukue mpya inayong'aa. Wengine, kwa kuwa mfuko umetoboka, wanatafuta ile iliyokula chumvi nyingi, na wakiipata kwa bei ya chini wanaruka kwa furaha kana kwamba wameokota embe dodo chini ya mnazi.

Ndugu msomaji, nia yangu si kumwambia mtu aache mpya au akimbilie kuukuu. Nataka tu kueleza chombo cha zamani kinampa mwenyewe nini na kinamdai nini. Nimelelewa na babu na nyanya huko Taita, na babu ana Honda CG 125 aliyoinunua mwaka 1994 alipokuwa afisa wa kilimo wa nyanjani. Hata wakati huo haikuwa mpya. Mimi siiendeshi, maana umri wa leseni haujanifikia. Kazi yangu wakati wa likizo ni kuosha nati kwa mafuta ya taa, kushika tochi na kuandika matumizi katika daftari. Daftari hilo ndilo shahidi wangu katika makala haya.

PIKIPIKI ZA ENZI ZILE

Leo ukitaja pikipiki, mtu anafikiria bodaboda mara moja. Zamani haikuwa hivyo. Neno bodaboda lenyewe lilianza na baiskeli zilizokuwa zikivusha watu mpakani Busia, kati ya Kenya na Uganda. Pikipiki mashambani ilikuwa chombo cha wachache: afisa wa kilimo, daktari wa mifugo, padri, na labda mfanyabiashara mmoja mwenye duka kubwa. Mambo yalibadilika mwaka 2008, serikali ilipoondoa kodi ya VAT kwa pikipiki ndogo zisizozidi sisi 250. Tangu hapo pikipiki za Uchina na India zikamiminika kama mvua ya masika, na kila kituo cha matatu kikapata kijiwe cha bodaboda.

Kwa hiyo nikisema "kuukuu" hapa, nina maana ya zile za kabla ya mafuriko hayo. Mara nyingi utaona Honda za aina ya CG na XL, Yamaha DT na AG 100, na Suzuki A100. Zinagawanyika katika koo mbili. Ukoo wa kwanza ni wa mipigo miwili, kama Yamaha DT, AG 100 na Suzuki A100. Hizi huchoma oili pamoja na petroli, ndiyo maana zikipita zinaacha moshi wa buluu na sauti ya nyuki aliyekasirika. Zina tangi dogo la oili kando, na ole wake anayesahau kulijaza! Pistoni hunata ndani ya silinda, na safari inaishia hapo hapo.

Ukoo wa pili ni wa mipigo minne, kama CG ya babu. Walio katika darasa la Fizikia wataijua mipigo hiyo: kuvuta, kugandamiza, kuwaka na kutoa. Hapa oili hukaa chini ya injini, hulainisha vyuma, wala haitakiwi kuungua.

Hiyo CG 125 ina kisa chake. Ilitoka katikati ya miaka ya 1970. Wahandisi wa Honda walikuwa wameona kwamba wateja katika nchi zinazoendelea wanabeba mizigo mizito na hawabadilishi oili kwa wakati. Basi badala ya kuweka kishikizo cha vali juu kabisa ya injini na kukizungusha kwa cheni ndogo, walikiweka chini, na vali zikawa zinasukumwa na fito mbili za chuma. Vitu vya kuchakaa vikapungua. Cheni ya gurudumu nayo wakaifungia ndani ya kasha la bati ili vumbi lisiifikie. Kwa ufupi, iliundwa na watu waliojua kwamba binadamu ni msahaulifu. Pakistan imeendelea kuziunda miaka mingi baada ya Japani kuacha, na injini nyingi za Kichina zimeiga muundo wake. Ndiyo maana hadi leo mwenye CG hakosi kabisa spea.

RAHA ZAKE

Raha ya kwanza ni kwamba mambo yake yako wazi. Hakuna kompyuta. Ukiwa na spana za namba 10, 12, 14 na 17, bisibisi mbili, koleo na spana ya plagi, umekwisha kuwa nusu fundi. Injini ikigoma kuwaka, babu haanzi kulaumu. Anauliza maswali matatu tu, nami nimeyakariri kama sala.

Je, petroli inafika? Fungua plagi uitazame ncha yake. Ikiwa imelowa, petroli imefika. Ikiwa kavu kama mfupa, tafuta uchafu kwenye kabureta au kwenye bomba la tangi.

Je, cheche ipo? Irudishe plagi kwenye kofia yake, ilaze juu ya chuma cha injini mbali na tundu lake, kisha piga kiki. Ukiona cheche ya buluu inaruka, umeme uko sawa. Ukiona nyekundu dhaifu au giza tupu, kagua pointi, kondensa na waya.

Je, mgandamizo upo? Weka kidole gumba kwenye tundu la plagi, mtu mwingine apige kiki taratibu. Kidole kikisukumwa kwa nguvu, silinda ina pumzi. Kikikaa tu bila wasiwasi, jiandae kuuza mbuzi.

Raha ya pili ni elimu. Jamani, nimejifunza Fizikia nyingi nikiwa nimechuchumaa kwenye ua wa babu kuliko nilivyotarajia. Mwanya wa pointi unatakiwa uwe kati ya milimita 0.3 na 0.4. Tunaupima kwa vibapa vyembamba vya chuma vilivyoandikwa unene wake. Mwanya ukikosea, cheche hutokea mapema mno au huchelewa, na pikipiki inapanda mlima kama punda mgonjwa.

Mfano mwingine ni hewa. Mji wa Voi uko chini ya mita 700 kutoka usawa wa bahari, na Wundanyi iko juu ya mita 1,300. Huko juu hewa ni nyepesi zaidi. Kabureta haina akili ya kujua jambo hilo, inaendelea kumwaga petroli karibu ile ile. Basi petroli inazidi hewa kidogo, na plagi inakuwa nyeusi kama sufuria ya nyanya. Hivyo ndivyo nilivyoelewa kwa nini pikipiki iliyorekebishwa Voi haifurahi sana ikifika Wundanyi.

Raha ya tatu ni ya mfuko, ingawa hii ina masharti ambayo nitayaeleza. Pikipiki ya babu hutembea kilomita 40 hivi kwa lita moja ya petroli. Halafu thamani yake ilikwisha kuanguka zamani. Pikipiki mpya hupoteza bei siku ile ile inapotoka dukani. Kuukuu ikitunzwa, unaweza kuiuza baada ya miaka mitatu kwa bei isiyo mbali na uliyonunulia.

Raha ya nne haipimwi kwa shilingi. Mwaka 1999, mama yangu alipokuwa akifanya mtihani wa KCSE, mvua iliharibu njia na matatu hazikupanda. Babu alimpakia kila asubuhi hadi karatasi ya mwisho. Mgonjwa wa jirani, mbegu za mahindi, vifaranga ndani ya katoni, hata spika za kanisa, vyote vimepanda juu ya kiti hicho. Nyanya huiita pikipiki hiyo "mke mwenza". Anasema babu huamka usiku mvua ikinyesha kwenda kuifunika turubai, lakini yeye hajawahi kufunikwa hata shuka! Babu hucheka tu, halafu hutoka kwenda kuifunika.

KODI YAKE

Sasa tuje upande wa pili wa shilingi ya mzee. Babu ana msemo wake: "Chombo kizee kina kodi. Usipoilipa kwa muda, utailipa kwa pesa. Ukikosa pesa, utailipa kwa mifupa." Hapo ndipo penye kiini cha makala haya, maana wengi huiona bei ya kununulia na hawaioni kodi.

Hebu tulifungue daftari. Hizi ndizo pesa zilizotumika mwaka 2024, bila kuhesabu petroli:

Oili ya injini, mara 4: Sh. 2,600
Plagi 2: Sh. 500
Cheni pamoja na gia zake: Sh. 2,200
Tairi la nyuma na tyubu: Sh. 3,600
Breki shuu, mbele na nyuma: Sh. 900
Kebo za klachi na breki: Sh. 700
Betri: Sh. 1,800
Fundi wa waya za umeme: Sh. 1,500
Kutengeneza kabureta: Sh. 1,200
Bima: Sh. 3,500
JUMLA: Sh. 18,500

Ukigawanya kwa miezi 12, ni kama shilingi 1,540 kila mwezi. Mwaka huo pikipiki ilitembea kilomita 8,000 hivi, kwa hiyo kila kilomita ilidai shilingi 2 na senti 30 za matengenezo. Petroli tuliinunua kwa wastani wa shilingi 190 kwa lita, yaani shilingi 4 na senti 75 kwa kilomita. Jumla ni kama shilingi 7 kwa kilomita. Si mbaya! Lakini tazameni, huo ulikuwa mwaka mzuri. Injini haikufunguliwa.

Mwaka nilioingia kidato cha kwanza haukuwa mzuri. Pikipiki ilianza kutoa moshi wa buluu na kunywa oili kama ngamia kisimani. Kwa injini ya mipigo minne, hiyo ni dalili kwamba ringi za pistoni au vali zimechakaa na oili inapenya hadi mahali pa moto. Fundi aliifungua akakuta silinda imelika. Dawa yake ni kuichonga silinda iwe pana kidogo na kutia pistoni kubwa zaidi. Pistoni hizo huongezeka kwa hatua: 0.25, 0.50, 0.75, hadi milimita 1. Ukifika mwisho wa hatua hizo, hakuna tena chuma cha kuchonga, itabidi silinda nyingine. Kwa hiyo injini ina uhai wa kuhesabika, na mwenye kuuza kuukuu hakwambii amefika hatua ya ngapi.

Bei ya kazi ile yote ilikuwa shilingi 14,500. Mezani pale pale palikuwa na barua yangu ya kuitwa shule: karo, sare, godoro, sanduku. Mjomba akasema pikipiki iuzwe hivyo hivyo ilivyo, kama vyuma. Nyanya, aliyekuwa akiisuta kila siku, ndiye aliyekataa. Uamuzi ukawa nisome kwanza, injini isubiri. Ikakaa ndani ya karai stoo, imefunikwa gunia, kwa wiki 16.

Huenda ukadhani hapo babu aliokoa pesa. La, hasha. Nyanya hupeleka mboga sokoni mara mbili kwa wiki. Bila pikipiki ilibidi akodi bodaboda, shilingi 200 kwenda na 200 kurudi. Hizo ni 800 kwa wiki, na kwa wiki 16 ni shilingi 12,800. Kuilaza tu kuligharimu karibu sawa na kuitengeneza! Tangu siku nilipoifanya hesabu hiyo, babu huweka shilingi 500 kila mwezi ndani ya mkebe ulioandikwa "injini". Hata mkopo wa mtoto wa kike hautolewi humo, na mimi nimejaribu.

SPEA NA MUDA

Kuna kodi ya muda pia. Kila wiki babu hutumia karibu nusu saa: kupima oili, kukaza nati zilizolegea kwa mtikisiko, kutazama upepo wa tairi na ulegevu wa cheni. Cheni ikikazwa mno inakula beringi, ikilegea mno inaruka kwenye meno. Kila kilomita 2,000 oili hubadilishwa, haidhuru ni ya gharama gani. Oili ikiwa nyeusi na imechoka, vyuma husuguana, na msuguano huo ndio unaozaa ile bili ya shilingi 14,500.

Muda mwingine unakwisha katika kutafuta spea. Plagi na oili utapata kila mahali. Lakini kioo cha taa ya zamani, tangi lisilo na kutu, au gasketi ya saizi halisi, hapo utazunguka. Babu huanzia Voi, akikosa hutuma Mombasa, akikosa tena humpigia mtu Nairobi. Kuna kebo ya klachi aliyoinunua katika duka moja akaambiwa ni "orijino kabisa". Ilikatika wiki ya tatu, mlimani, na mzigo mgongoni. Alipoichana, ndani mlikuwa na nyuzi chache nyembamba kuliko za ile kuukuu aliyoitupa. Tangu hapo kuna sheria mbili nyumbani. Kwanza, kifaa cha zamani hakitupwi kabla kipya hakijafanya kazi mwezi mzima. Pili, ukienda dukani beba cha zamani mkononi, vilinganishe kwa urefu, uzito na unene papo hapo.

BREKI HAZINA MZAHA

Sasa naomba wale wanaosoma huku wanacheka watulie kidogo.

Barabara ya kutoka Wundanyi kushuka Mwatate ina kona juu ya kona, na mteremko wake hauombi radhi. Pikipiki nyingi za zamani zina breki za drami. Ndani ya kitovu cha gurudumu mna viatu viwili vinavyotanuka na kusugua ukuta wa drami. Usuguaji huo hugeuza mwendo kuwa joto. Ukishika breki mfululizo kwa mteremko mrefu, joto hukosa pa kwenda, breki zinachoka, na ghafla unakamata mkono wa breki bila kupata jibu. Ndiyo maana anayejua hushuka kwa gia ya chini, injini yenyewe izuie mwendo, na breki ashike kwa vipindi.

Kijana mmoja wa kijijini kwetu alinunua kuukuu kwa bei nzuri. Alijua breki shuu zimekwisha, maana zilikuwa zikilia. Akasema atabadilisha akipata pesa za mzigo unaofuata. Mzigo uliofuata ulikuwa magunia mawili ya kabeji. Kona ya tatu haikukubali. Alikaa na plasta mguuni miezi miwili, pikipiki ikauzwa kulipia hospitali, na hadi leo anachechemea. Breki shuu za gurudumu la nyuma zinauzwa shilingi 450. Msemo wa babu kuhusu mifupa sikuuelewa mpaka nilipomwona kijana huyo akishushwa kutoka kwenye matatu na mikongojo miwili.

Aidha, sheria ya barabara haitofautishi mpya na kuukuu. Inataka kofia ngumu kwa dereva na abiria, koti la kuakisi mwanga, abiria mmoja tu, bima na leseni. Taa za zamani nazo ni hafifu. Nyingi zilikuwa za volti 6, mwanga wake ni kama kibatari. Babu hasafiri usiku kwa pikipiki, na hilo nalo ni sehemu ya kodi.

KABLA HUJATOA PESA

Kwa wale wanaokaribia kumaliza shule na wana ndoto ya kununua, haya ndiyo niliyoyaona kwa babu anapoitwa kumkagulia mtu chombo:

1. Mwambie muuzaji asiiwashe kabla hujafika. Gusa injini ukifika. Ikiwa ina joto, kuna ugonjwa wa asubuhi unaofichwa.

2. Tazama moshi. Wa buluu kwa mipigo minne ni oili inaungua. Mweusi ni petroli imezidi. Mweupe kidogo asubuhi ya baridi ni mvuke tu, hauna neno.

3. Inua gurudumu, litikise kushoto na kulia. Likicheza, beringi zimekwisha. Gonga spoki moja moja kwa spana. Iliyolegea hutoa sauti iliyozimika.

4. Mulika ndani ya tangi kwa tochi utafute kutu. Nimesema tochi! Asije mtu akawasha kiberiti halafu akasema alisoma katika jarida la Chama cha Kiswahili.

5. Linganisha nambari za chesisi na injini na zile zilizo katika logibuku. Zisipolingana, shika njia uende zako, hata bei iwe ya bure.

6. Hakikisha umiliki unahamishwa rasmi kupitia NTSA kabla ya pesa yote kutoka mkononi. Pikipiki isiyo na karatasi ni kesi yenye magurudumu mawili.

KWA HIYO, NANI ACHUKUE KUUKUU?

Kwa maoni yangu, pikipiki kuukuu inamfaa mtu mwenye shughuli nyingine inayomlisha. Babu ana pensheni ndogo na shamba. Pikipiki ikilala wiki moja, ugali unapikwa hata hivyo. Tena ana muda, ana mkono wa kufungua nati, na ana mkebe wa akiba. Mtu wa namna hii kuukuu itamtumikia kwa gharama ya chini, na juu yake atapata elimu na furaha ambayo pesa hainunui.

Lakini kijana anayetaka kufanya bodaboda kutwa kucha asidanganywe na bei ya kununulia. Kilomita ambazo babu anazimaliza kwa mwaka, yeye atazimaliza kwa miezi michache. Kila siku ambayo chombo kiko kwa fundi ni siku bila kipato. Huyo kodi itamjia haraka kabla hajajua kuilipa, naye ndiye atakayeshawishika kuahirisha breki shuu. Kama lazima anunue kuukuu, basi bei ya kununulia isimalize pesa zake zote. Abakishe za kuifungua injini mara moja. Asipoweza kubakisha, asubiri.

Nikitia nanga, ndugu zangu, kuukuu si aibu wala si bahati nasibu. Ni ahadi unayoiweka na chuma, na chuma hakisahau ahadi. Kabla hujanunua pikipiki ya zamani, nunua daftari kwanza. Ukiona uvivu kuandika katika daftari lile kwa mwezi mmoja, panda matatu kama sisi wengine.

Nawatakia kidato cha nne mtihani mwema, na walimu wetu likizo njema. Mimi huyoo, naenda kuosha nati.